Aliyependekeza Mawe Yavunjwe

Dada yake Fundi aliingia karakanani saa nne asubuhi akiwa na karatasi ambayo gundi yake ilikuwa haijakauka. Alikuwa ameibandua ukutani kwa kucha. Hakusalimu. Aliilaza juu ya meza ya vifaa, kati ya kopo la grisi na rundo la minyororo, akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono kifuani.

"Nisomee," alisema. "Macho yangu siku hizi si ya kuaminika."

Macho yake yalikuwa mazima. Alitaka maneno yale yatoke kinywani mwa mdogo wake.

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, akasoma. Karatasi ilikuwa na muhuri wa halmashauri. Ilisema kwamba miundombinu yote iliyopo katika eneo la huduma namba nne itaondolewa ndani ya siku thelathini, ili kupisha maegesho ya magari ya ofisi. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili ya herufi ndogo. Imependekezwa na diwani wa kata. Imeungwa mkono na diwani wa kata jirani.

"Diwani wa kata ni nani?" dada yake aliuliza.

"Ni mimi."

"Haya. Na eneo la huduma namba nne ni wapi?"

Hapo ndipo Fundi alipoanza kupotea, na kwa mwezi mzima uliofuata hakujipata sawasawa. Hakujua eneo la huduma namba nne ni wapi. Alizaliwa katika kata ile, akakulia humo, akaoa humo, anaujua kila mtaro wake na kila mbwa wake, lakini namba nne hakuijua. Dada yake ndiye aliyemweleza. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa pale kwenye mawe.

Mawe yenyewe si mawe. Ni meza fupi kumi na mbili za saruji, zimepangwa safu mbili chini ya paa la bati, kila moja na bomba lake na mfereji wake wa kupeleka maji machafu. Lakini tangu zijengwe watu wameziita mawe, na wanawake wanaofua nguo za watu kwa riziki yao wameziegemea miaka mingi mpaka kingo zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Dada yake Fundi alikuwa na la kwake, la tatu kutoka kwenye tangi. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka aliofariki mama yao, na siku ya kwanza alifika pale na mtoto wa miaka mitatu ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Mtoto huyo aliwekwa ndani ya karai tupu akapewa kamba ya kuchezea. Ndiye huyu diwani.

Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa kitakachotokea mawe yakivunjwa. Wanawake ishirini na watatu wangebaki na mabunda ya nguo za watu na hawana pa kuyapeleka. Dada yake alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala mwili wa kujifunza mpya.

"Umependekeza haya?"

"Sikupendekeza, dada. Hata sijawahi kuyasema."

"Jina lako limejiandika?"

"Si jina. Ni cheo."

"Cheo kimejiandika?"

Dada yake aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkunjo wa kanga kiunoni. "Nilikubeba mgongoni miaka miwili sikuona uzito," alisema. "Leo nimebeba karatasi moja, nimechoka." Kisha akaenda zake, na mlangoni akasema bila kugeuka kwamba kama kweli hakupendekeza, basi awaambie waandike hivyo.

Udiwani ulimwingia Fundi kama maji yanavyomwingia aliyelala chini. Diwani aliyekuwepo alihama, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na watu wakasema kwamba kwa kuwa malalamiko yote ya kata husemwa karakanani kwa Fundi wakati pancha zikizibwa, afadhali yasemwe kwa mtu mwenye kikao. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliona haya kukataa. Mkewe alimwambia, kwa mzaha uliokuwa na chembe ya wasiwasi, kwamba yeye ni mtu wa vitu vinavyoonekana: ukikanyaga hapa, gurudumu linazunguka kule. Huko unakokwenda, alisema mkewe, sijui kama kuna mnyororo.

Kamati yake ya kwanza ilikuwa ya mipango miji. Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza, na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani chenye alama ya pasi pembeni. Feni ilizunguka bila kutoa upepo. Kila mjumbe alikuta chupa ya maji na kitabu cha karatasi arobaini na moja, ambacho yeye alikuwa amekiona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alikuwa bado anawatazama watu wazima kana kwamba mmoja wao amevunja dirisha. Alimkaribisha diwani mpya, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, wajumbe wakacheka kwa adabu.

Kisha wakaupitia muhtasari wa kikao kilichopita. Ukurasa wa kwanza, alisema mwenyekiti, na kimya kikapita. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Karatasi zilikuwa zikifunuliwa zote kwa pamoja, zikitoa sauti kama ya ndege wengi wanaohama mti, na Fundi alifunua pamoja nao, nyuma kidogo, kidole gumba chake kikiacha alama nyeusi pembeni mwa kila ukurasa. Walipofika mwisho mwenyekiti aliuliza nani anathibitisha, na nyuso zote zikamgeukia yeye zikitabasamu. Jirani yake alimgusa kwa kiwiko, akamnong'oneza kwamba ndiyo desturi ya kamati hii: mjumbe mpya ndiye huthibitisha, ni heshima yake, tena hana ugomvi na mtu. Akasimama. Akasema alivyoelekezwa, kwamba anathibitisha kuwa muhtasari ule ni kumbukumbu sahihi ya kikao kilichopita. Jirani yake akaunga mkono. Wakagonga meza kwa viganja.

Wakati anashuka ngazi wazo dogo lilimjia, dogo kama kokoto ndani ya kiatu. Kikao kilichopita hakuwepo. Alikuwa ameshuhudia kwamba jambo ambalo hakuliona lilikuwa kama lilivyokuwa. Lakini wote walifurahi, na mkono wake bado ulikuwa na joto la mikono ya watu. Akaendelea kushuka.

Sasa, siku ya karatasi ya gundi, alifunga karakana mchana kweupe na kwenda ofisi ya katibu wa vikao. Katibu alikuwa mama mtaratibu aliyeandika mihtasari kwa miaka ishirini na miwili, na mafaili yake yalikuwa yamejaa kabatini, yakashuka mezani, yakashuka sakafuni, mpaka mgeni alilazimika kuketi na magoti yamebanwa pamoja. Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho. Kisha akavuta faili, akafungua ukurasa wa kumi na saba wa nakala iliyoachwa mezani siku ile, na pembeni mwa ukurasa ule palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba.

Alieleza kwa upole kama muuguzi. Kikao kile cha nyuma kilipojadili namba nne, hakuna aliyetajwa kwa cheo. Muhtasari unasema tu kwamba kamati iliridhia. Lakini fomu ya tangazo ina sehemu ya aliyependekeza na aliyeunga mkono, na fomu yenye sehemu tupu hairuhusiwi kutoka nje ya ofisi. Kwa hiyo yeye, kila inapotokea hivyo, huchukua vyeo vya waliothibitisha muhtasari na kuvijaza.

"Ndivyo inavyofanyika, mheshimiwa. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Lakini mwanzo kabisa, mama, ni nani aliyesema mawe yavunjwe?"

Alitafuta. Kamati iliridhia kutokana na barua ya idara ya ujenzi. Barua ya idara ya ujenzi ilisema inatekeleza maelekezo ya uongozi. Maelekezo ya uongozi yalipatikana katika faili la tatu, na yalisema yametolewa kwa kuzingatia ushauri wa kamati. Fundi aliomba asomewe tena, polepole. Alisomewa. Alifuata kwa kidole angani, kutoka huku kwenda kule, na kidole kikarudi kilipoanzia.

"Kwa hiyo ni nani?"

Katibu alivua miwani. "Ni kikao, mheshimiwa."

"Kikao ni nani?"

"Ni waliokuwepo."

"Mimi sikuwepo."

"Lakini ulithibitisha," alisema katibu, na hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake.

Siku zilizofuata Fundi alikuwa kiguu na njia. Alikwenda kwenye mawe kila asubuhi kabla ya kufungua karakana, akasimama katikati ya povu na kuwaambia wanawake kwamba hakupendekeza. Mwanzoni walipiga nguo kwa nguvu zaidi ya kawaida, na maji yalimrukia suruali kwa namna ambayo haikuwa bahati mbaya. Mmoja mnene, aliyependa maneno, aliimba kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja, na wenzake wakaitikia kwa kucheka. Siku ya tatu yule mnene alimwuliza kama magari ya ofisi yatahitaji pia kuoshwa, maana wao wapo. Siku ya nne kuna aliyemsogezea ndoo akae. Siku ya tano dada yake, ambaye alikuwa hajamsemesha tangu karatasi ile, alisema bila kuinua kichwa, akilikamua shuka la mtu: "Huyu namjua anavyodanganya. Hugusa sikio. Leo hajaligusa."

Basi. Likawa neno la mawe yote kwamba diwani hakusema, amesingiziwa. Fundi alilala usingizi siku hiyo.

Kamati ilipokaa tena, alikwenda na maneno machache aliyoyaandika nyuma ya risiti ya matairi. Alinyoosha mkono walipofika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Mwalimu mkuu mstaafu alimwambia kwamba namba nne haikuwa katika kikao kilichopita, ilikuwa katika kikao kilichotangulia kilichopita, kwa hiyo haiwezi kutokana na kikao ambacho haikuwemo, asubiri mengineyo. Alisubiri saa mbili na nusu. Walipofika kwenye mengineyo alinyoosha mkono tena, akaambiwa kwamba mengineyo ni kwa mambo ambayo hayajaamuliwa, na namba nne imeshaamuliwa. Fundi aliuliza ni lini basi jambo lililoamuliwa husemwa. Mwenyekiti alifikiri kwa uaminifu, mtu aliona kwamba anafikiri, kisha akasema kwamba wakati mzuri ulikuwa kabla. Kikao kikafungwa. Chakula kilikuwa tayari.

Ukumbini walianza kupanga foleni na sahani. Yeye alibaki kwenye varanda, ameshika risiti yake, akitazama chini uani ambako magari manne ya ofisi yalikuwa yameegeshwa vizuri kabisa na nafasi bado tele. Aliyahesabu mara mbili. Hapo akafuatwa na diwani mmoja mkongwe ambaye wote walimwita Mzee Kanuni, kwa kuwa kitabu kidogo cha kanuni za kudumu kilikaa mfukoni mwa shati lake hata misibani.

"Nimekuona unagonga ukuta," alisema Mzee Kanuni. "Milango iko miwili, na yote iko kwenye baraza kuu, Alhamisi ijayo. Nisikilize vizuri, maana ukiingia mmoja, wa pili unajifunga."

Alieleza akihesabu kwa vidole. Mlango wa kwanza: Fundi asimame aombe marekebisho ya kumbukumbu. Aseme hakupendekeza, cheo chake kiliwekwa kujaza fomu. Katibu ni mama mkweli, atakubali, baraza litaridhia, cheo kitafutwa. Dakika tano tu. Lakini uamuzi utabaki, tena utabaki hauna mwenyewe. Na kanuni inasema jambo lililoamuliwa halifunguliwi kabla ya miezi sita, isipokuwa kwa hoja ya aliyelipendekeza. Likikosa aliyelipendekeza, hakuna wa kulifungua. Baada ya miezi sita kutakuwa na lami pale.

Mlango wa pili: aache cheo kilivyo. Asimame aseme, mimi niliyependekeza, naomba jambo hili lifunguliwe. Hapo kanuni inamruhusu, wala hakuna wa kumzuia.

"Lakini useme hivyo hivyo, kwamba ni wewe. Ukitia neno la kujitetea, ukasema waliniandika tu, mwenyekiti wa baraza atakukatisha papo hapo. Aliyependekeza ndiye mwenye ufunguo. Asiyependekeza hana."

Fundi aliyageuza maneno yale kichwani kama mtu anayetafuta upande wa kushikia kitu cha moto. "Yaani nikisema kweli, mawe yanavunjwa. Nikisema uongo, yanabaki."

"Baraza haliyajui ya moyoni, mwanangu. Linayajua ya kwenye karatasi. Kwenye karatasi si uongo."

"Mzee, kikao kile wewe ulikuwepo. Nani alisema?"

Mzee Kanuni alitazama chini, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Nilikuwepo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayepinga. Tulikuwa tunatafuta ukurasa."

Mtu akitendewa ubaya na mwenye sura, hulala akiiota sura ile, na hilo nalo ni faraja ya namna yake. Fundi hakuwa nayo. Alirudi karakanani akitafuta wa kumchukia asimpate. Katibu alikuwa mpole. Mwenyekiti alifikiri kwa uaminifu. Mzee Kanuni alimsaidia. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande kidogo cha jambo lile, kipande ambacho hakikuwa na dhambi, na vipande vyote vikiunganishwa vilitosha kuvunja mahali alipolelewa. Aliifungua baiskeli ya mteja akaifunga tena bila kuitengeneza.

Alijaribu kumweleza dada yake. Alikwenda kwake Jumapili, akakaa kwenye kibaraza, akaanza na mlango wa kwanza. Dada yake alimsikiliza akichambua vibanio vya nguo, vizima huku, vibovu kule. Fundi alipofika kwenye neno kanuni, dada alimkata. Alisema mambo ya milango hayaelewi na hataki kuyaelewa. Linalomtosha ni kwamba yeye mdogo wake ni mkweli. Kisha akamwambia habari njema aliyomwekea. Wanawake wote wangekuja Alhamisi. Walishaulizia, wakaambiwa wananchi huruhusiwa kuketi nyuma. Wangefua alfajiri, waanike, waje wamsikie akijisafisha jina mbele ya wakubwa.

"Useme kwa sauti," alisema dada yake. "Yule mnene hasikii vizuri sikio moja."

Fundi alinyanyua mkono kwenda sikioni, akaushusha. Aliaga.

Kuanzia Jumapili ile mpaka Alhamisi alikata shauri mara nyingi mno, na kila shauri lilikatika upya. Asubuhi alikuwa wa mlango wa pili, mchana wa kwanza. Mkewe alipomwuliza anaumwa nini alisema anaumwa vikao. Kuna saa alijiambia kwamba jina la mtu ni kitu kikubwa kuliko saruji, kwamba hata dada yake angesema hivyo. Kisha angekumbuka kwamba dada yake hakuwahi kulala njaa kwa ajili ya jina la mtu, alilala njaa kwa ajili ya daftari lake yeye la shule.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na viti vya mbao vinavyolia mtu akihama kalio. Wanawake walikuwa wamekwisha kufika, wameketi nyuma safu mbili, wamevaa nguo zao njema, na mikono yao imelala mapajani, myeupe na yenye makunyanzi kwa maji ya alfajiri. Harufu ya sabuni ilifika mpaka mezani kwa wakubwa. Dada yake alikaa katikati. Alimpungia kidogo, vidole viwili tu, kama mzazi siku ya shule.

Mwenyekiti wa baraza, mama mrefu mwenye rungu dogo la mbao, alitaja cheo chake. Fundi alisimama. Kiti kililia.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mimi siku..."

Kwa upande aliona mkono wa Mzee Kanuni umelala juu ya kitabu kidogo, umetulia tuli. Hakumtazama dada yake. Alitazama ukuta, juu ya vichwa vya watu, mahali rangi ilipopasuka.

"Mimi ndiye niliyependekeza miundombinu ya eneo la huduma namba nne iondolewe," alisema. "Naomba jambo hilo lifunguliwe."

Nyuma hakukuwa na sauti yoyote. Angependa wapige kelele. Kwa kimya kile alisikia hata mtu mmoja akivuta pumzi, na alimjua ni nani.

"Ni wewe uliyependekeza?" mwenyekiti aliuliza, ili iandikwe kwenye muhtasari.

"Ni mimi."

"Kwa sababu gani ulipendekeza?"

Swali hilo Mzee Kanuni hakulitaja. Fundi alitafuta sababu ya jambo ambalo hakulifanya, akatafuta kwa bidii kweli, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo wa nyumba ya mwenzake.

"Sikujua," alisema mwishowe.

"Hukujua nini, mheshimiwa?"

"Sikujua namba nne ni wapi."

Madiwani walicheka. Hata mama wa rungu alibana midomo. "Diwani huijui kata yako?"

"Kwa namba siijui," alisema Fundi. "Pale ni mahali wanapofua. Nilikulia pale, ndani ya karai. Kama ningejua kwamba ni pale, nisingeweza hata kuufunua ukurasa ule."

Alikaa. Hakujua kama amejitetea, wala kama mlango umefungwa. Mwenyekiti naye alionekana hajui; aliinama kwa katibu, wakanong'onezana, katibu akafunua kitabu. Kisha akauliza nani anaunga mkono hoja. Diwani wa kata jirani, yule yule aliyeunga mkono siku ya kuthibitisha, alikuwa ameinua mkono akimwonyesha mhudumu kwamba chupa yake ya maji imekwisha. Mwenyekiti alimwona, akasema imeungwa mkono, na rungu likagonga. Yule jirani aliushusha mkono taratibu, akautazama, akaamua kuyaacha mambo yaendelee. Kuna anayepinga? Hakuna. Jambo likarudishwa kamati ya mipango miji kutafakariwa upya, na mpaka litafakariwe, kisiguswe kitu.

Fundi alihitaji kuelezwa na Mzee Kanuni kwamba ameshinda. Hata alipoelezwa aliuliza tena.

Nje, wanawake walikuwa wakishuka ngazi kwa msururu. Walimpita. Yule mnene alisimama mbele yake, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema neno moja, "Kumbe," akaendelea kushuka. Wengine hawakusema hata hilo. Dada yake alikuwa wa mwisho. Alisimama ngazi moja juu yake, kwa hiyo macho yao yalikuwa sawa.

"Wiki tatu unakuja kutuambia hukupendekeza," alisema. "Leo umesema ni wewe. Ukweli ni upi?"

"Sikupendekeza, dada."

"Basi leo umedanganya."

"Leo... kwa karatasi, sikudanganya." Alisikia jinsi neno hilo linavyosikika. Alianza upya, akaeleza mlango wa kwanza, akaeleza mlango wa pili, akaeleza fomu isiyoruhusiwa kuwa tupu, na kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyozidi kuona kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuyaamini. Watu walipita kushoto na kulia wakibeba mafaili. Dada yake hakumkatiza safari hii.

"Sijaelewa," alisema. "Kesho tunafua?"

"Kesho mnafua."

"Na keshokutwa?"

"Mpaka kamati ikae."

"Inakaa lini?"

"Hakuna anayejua."

Dada yake alitikisa kichwa, akaanza kushuka, akashika bega la mdogo wake ili asiteleze, mkono ule wa baridi wenye makunyanzi.

"Wale sitaweza kuwaeleza," alisema. "Watakuchukia. Hata uchaguzi ujao hawatakupa."

"Najua."

"Waache wakuchukie. Wakikuchukia huku wanafua, si neno."

Wakashuka pamoja, ngazi moja moja, maana goti la kushoto la dada lilikuwa linamsumbua.